Marehemu wa Kwenye Televisheni Amevaa Koti Lako

Jumatatu, 3 Machi

Baba Kitinda, salamu nyingi. Kwanza pokea zangu mimi mkeo, mzima wa mwili, roho ndiyo inayonisumbua. Anakusalimu mama yako, Bibi yetu. Macho yamezidi kufifia lakini masikio anayo, anasikia hata sukari ikiyeyuka. Anakusalimu binti yetu Kitinda, ambaye hayupo ila anakuja Ijumaa. Anakusalimu Mwalimu mstaafu wa chumba cha kona, ndiye aliyenipa daftari hili, akasema mfiwa aandike, moyo usije ukavunda kwa ndani. Anakusalimu Mama Saluni wa ng'ambo ya njia, ingawa hakunituma, na hata angenituma nisingefikisha. Paka anakusalimu. Kitasa cha choo ulichoahidi kukitengeneza nacho kinakusalimu, bado kibovu. Fundi vitasa wa dunia nzima, isipokuwa wa mkewe!

Sasa habari. Kitinda amepiga simu. Amepata kazi ya uuguzi, hospitali ya mji wa milimani. Huko, anasema, asubuhi mtu hutoa moshi mdomoni bila sigara. Anapita nyumbani siku chache kabla ya kwenda. Nikamuuliza nimwandalie nini. Akasema hataki kitu chochote, anataka koti la baba tu.

Nikamwambia lipo. Limekunjwa vizuri sandukuni, na dawa ya nondo juu yake.

Baba Kitinda, halipo! Nadhani wewe unajua. Uliporudi kwa Mola mwezi wa nane niliacha koti lako kwenye msumari nyuma ya mlango. Miezi mitano. Kila asubuhi nikifumbua macho, mgongo wako huo. Nikazoea, hata nikawa naliamkia. Halafu siku moja ya Januari nikaamka, koti limenigeukia. Vifungo vinanitazama. Mimi sikuligusa. Bibi hafiki pale. Kesho yake Mzee Beseni alipopita na mkokoteni wake, nguo kuukuu kwa vyombo, nikamtilia kila kitu gunia moja: koti, mashati matatu, suruali. Akanipa mabeseni mawili, la kijani na jekundu. La kijani ndilo ninaloogea. Sijawahi kulifurahia.

Bado sijamaliza. Leo saa kumi jioni Bibi ananiita sebuleni. Anasema njoo, mwanangu yumo. Nikaenda na mwiko mkononi. Kumbe ni ule mchezo mpya wa televisheni, Karibu Marehemu, wa kila siku Jumatatu hadi Ijumaa. Mjane anaandaa vikombe viwili vya chai, mumewe aliyekufa anaingia, anakaa, analalamika chai nyepesi. Unachekesha na kuliza kwa pamoja, kama kumenya vitunguu huku unatekenywa.

Na marehemu amevaa koti lako.

Sura si yako. Huyu ana mashavu. Lakini kiraka cha kiwiko nilikishona mimi, kwa kitambaa cha pazia letu, maua ya njano! Mfuko wa kushoto umelegea vile vile, pale ulipokuwa ukiweka koleo lako. Bibi haoni kiraka. Nikamuuliza amemjuaje mwanawe. Akasema, kwa namna alivyovuta kiti.

Ukiisha mchezo, mtangazaji husoma ujumbe wa watazamaji. Mmoja alicheka mpaka akaangusha mtoto (kwenye kitanda, alitutuliza). Mmoja anataka wote waliotunga wafungwe, kifo si cha kuchezea. Mmoja anauliza mwigizaji anakaa wapi, anafanana na mjomba wake aliyezama. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya mwiko bila kujua.

Jumanne, 4 Machi

Mpango! Kumtafuta Mzee Beseni, kulirudisha koti kabla ya Ijumaa.

Nimempata kwenye kibaraza cha duka la mafuta ya taa, anapanga mabeseni kwa ukubwa. Nikamuuliza gunia langu la Januari liko wapi. Akasema nguo ni kama maji, Mama, hazirudi mtungini. Nikashika mkokoteni, nikamwambia sitoki. Basi akakumbuka. Alilinunua mwanamke mmoja, mkasi shingoni, gunia zima, bila kuomba apunguziwe. Alisema anawavika watu wa televisheni. Hataki nguo mpya, hataki zilizofuliwa. Anataka nguo zilizokwisha kuishi na mtu.

Mzee Beseni akaniuliza zilikuwa za nani. Nikasema za jirani. Akasema, "Nguo za jirani mtu hazililii hivyo, Mama."

Mpango wa pili, papo hapo. Juu ya mkokoteni kulikuwa na koti la kahawia, rangi moja na lako ukilitazama haraka. Nikalibadili kwa beseni jekundu nililokuja nalo. Nitashona kiraka, kipande cha pazia bado ninacho. Nikalibana kwapani chini ya mtandio, nikaja zangu kwa njia ya nyuma.

Nani kasimama njia ya nyuma? Mama Saluni, anamwaga maji ya kuoshea vichwa. Mkono mmoja wa koti ulikuwa umechomoza. Akapaza sauti watu wote wasikie, "Mama Kitinda! Mikono ya nani hiyo inakupapasa mchana kweupe?"

Kufika alasiri mtaa mzima una habari kwamba nimepata mwanamume. Bibi ameniuliza, kwa upole, kama ana adabu.

Saa kumi tukatazama. Marehemu akakohoa. Viwili vifupi, kimoja kirefu, kama mtu anayewasha injini kaidi. Baba Kitinda, hicho ni kikohozi chako. Bibi akasema pole mwanangu. Na yule mtu, ndani ya televisheni, akaitikia kwa kichwa.

Huenda alikuwa anamwitikia mke wake wa kwenye mchezo. Huenda.

Jumatano, 5 Machi

Sikulala vizuri, nimeamka na akili. Kumtengenezea Kitinda koti jingine hakutoshi. Akikaa mbele ya televisheni saa kumi, akaona kiraka, nimekwisha. Kwa hiyo marehemu lazima avuliwe koti kabla ya Ijumaa. Nani huwaamuru watu wa televisheni? Watazamaji! Na mtazamaji ni nani? Mtu yeyote mwenye simu.

Nimetuma ujumbe mara tatu. Wa kwanza, Askari Mstaafu: avue koti, ndani ya nyumba mtu havai koti, ni utovu wa nidhamu. Wa pili, Mama wa Pacha: wanangu wanaliogopa koti. Wa tatu, Fundi Magari: koti halimfai. Mimi mwenyewe nilikaribia kuamini ni watu watatu.

Jioni nyumba ikajaa. Mwalimu alikuja kutazama ili apate la kulaani. Anasema mchezo huu unawafundisha wafiwa uvivu wa kusahau. Mama Saluni alikuja kutazama kama mwenye mikono yupo. Alichungulia hadi chini ya meza, akasema ameangusha hereni. Hereni zake zote mbili zilikuwa masikioni.

Sasa sikiliza. Katika mchezo, mjane akamuuliza marehemu, "Umefuata nini tena?" Marehemu akafumbua mdomo, akajibu kitu kifupi. Mama Saluni akacheka akajipiga mapaja. Mwalimu akasimama, uso umebadilika. Nikauliza kasemaje.

Mama Saluni akasema, amesema amefuata chumvi. Mwalimu akasema hapana, amesema, "Hukuisoma barua yangu." Akakaa tena, polepole. Tunajua wote kwamba mkewe alikufa na barua chini ya mto, na Mwalimu hajaifungua mpaka leo. Bibi akasema wote viziwi, kamwita yeye, Mama.

Mimi nilisikia, "Liko wapi?"

Televisheni moja. Sebule moja. Tukabishana mpaka ujumbe wa watazamaji ukaanza, na huko nako vita. Mmoja kacheka kwa ajili ya chumvi. Mwingine anasema marehemu hakusema neno, alipumua tu, na pumzi hiyo imemliza. Mmoja wa mbali anauliza kwa nini marehemu alilitaja jina la mtaa wake.

Mwalimu aliondoka bila kulaani. Hajawahi.

Alhamisi, 6 Machi

Wamesoma! Wamesoma jumbe zote tatu! Nilishika kiti.

Mtangazaji akasoma wa Askari Mstaafu, akasoma wa Mama wa Pacha, akasoma wa Fundi Magari. Kisha akacheka. Akasema inashangaza, askari, mama na fundi, wote watatu wamemalizia kwa maneno yale yale: nawapigia magoti na viwiko.

Mama Saluni, aliyekuwa amerudi kutazama pamoja na Mwalimu, akanigeukia taratibu, kama mlango usiotiwa mafuta. Hayo ni maneno yangu. Mtaa mzima unajua. Hata kumwomba yeye ndoo huwa nampigia magoti na viwiko.

Akatoa simu yake. Dakika haikuisha mtangazaji anasoma: mtazamaji mmoja, mwanamke mzuri wa umri wa kati, anasema koti libaki, na wanaotaka marehemu avuliwe nguo wana sababu zao, wanabeba makoti ya wanaume kwapani. Mzuri wa umri wa kati!

Nikamwambia Mwalimu, basi kesho tutaona, koti litavuliwa au halitavuliwa. Mwalimu akacheka kicheko cha shule. Akasema, dada yangu, michezo hii hurekodiwa mapema. Yule mwigizaji alihojiwa gazetini, walimaliza kurekodi kipindi cha mwisho mwezi wa kumi. Hata upeleke ujumbe gunia zima, kilichovaliwa kimekwisha kuvaliwa.

Nikahesabu kwa vidole. Nikahesabu tena. Mwezi wa kumi koti lako lilikuwa kwenye msumari nyuma ya mlango wangu. Nililiamkia kila asubuhi.

Gazeti limekosea. Magazeti hukosea. Nimemwambia Mwalimu hivyo na amekubali upesi mno, kama mtu asiyetaka kuendelea.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi nimeshona kiraka kwenye koti la Mzee Beseni. Kimekaa upande. Nimelifukiza, nimelikanyaga kidogo lipate uzee.

Saa kumi. Mjane kaleta chai. Marehemu akasimama. Akatazama mbele, si kwa mjane, mbele hasa, pale ninapokaa mimi. Akafungua kifungo cha kwanza. Cha pili. Mama Saluni akasema, "Haya! Umempigia magoti, anavua." Marehemu akalitundika koti kwenye mgongo wa kiti, upande wa vifungo ukiwa kwetu.

Ndani alikuwa amevaa shati lako. Vifungo vyeupe, kimoja cheusi. Kile cheusi nilikitoa kwenye gauni langu, tukachekana, unakumbuka? Nimeomba avuliwe nguo moja, nimeonyeshwa mbili. Nikiomba avue shati je? Sitaki kujua.

Basi la Kitinda lilikuwa linafika saa kumi na moja. Mpango wa tatu ulikuja wenyewe. Watu walipotoka nilichomoa waya wa antena, nikauzungusha, nikaufukia kwenye kopo la maharage. Nikamwambia Bibi televisheni imekufa. Bibi akasema, ikifa ndiyo ataingia vizuri.

Mtoto kafika. Kakonda, kapendeza. Kanikumbatia mkono mmoja maana wa pili ulikuwa na begi. Hajalia, Baba Kitinda. Tangu siku ile ya mazishi hadi leo sijaona chozi lake. Aliwapikia watu, aliosha masufuria, akarudi chuoni. Hilo ndilo linaloniamsha alfajiri, kuliko koti. Mtu asiyelia hulilia wapi?

Neno lake la kwanza baada ya salamu: liko wapi?

Nikamwaga chai yote mezani.

Jumamosi, 8 Machi

Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi nimeitafutia vichochoro.

Nimemtolea koti. Nimelitoa sandukuni kabisa, na dawa ya nondo ikadondoka kama inavyopaswa. Akalipokea kwa mikono miwili. Akalitia puani. Akanusa tena. Akasema, Mama, hili lina harufu ya mtu mwingine.

Nikasema ni dawa ya nondo.

Akalivaa. Mikono ikaishia karibu na viwiko. Akauliza baba alikuwa na mikono mifupi hivi? Nikasema nguo za marehemu hurudi ndani zikikaa bila mtu. Alinitazama kwa muda mrefu, kama anavyotazama kipimajoto. Akatia mkono mfukoni, akatoa kadi. Kadi ya kliniki ya meno. Jina la mwanamke.

Baba Kitinda, hapa ndipo ninapokuomba radhi. Nilikuwa na sekunde moja tu. Nikainamisha kichwa nikasema, mwanangu, kuna mambo ya baba yako hukuyajua.

Najua! Najua! Wewe ambaye ulikuwa ukimwona mwanamke barabarani unahesabu mawe. Nilitaka kuyarudisha maneno mdomoni, yalikuwa yameshaondoka. Mtoto akaketi kitandani na kadi ya meno ya marehemu wa watu, maana na huyo bila shaka amekufa, akauliza taratibu: baba?

Nikasema natania. Akasema si utani mzuri. Nikasema ni kweli, si mzuri.

Hakula mchana.

Jumapili, 9 Machi

Hakuna mchezo Jumapili. Nimepumua.

Kitinda kaoga kwenye beseni la kijani. Akauliza nimelipata wapi, zuri. Nikasema nilishinda bahati nasibu. Nikasimama nje ya mlango wa bafu nikisikiliza maji yakimwagika, mtoto wako akinawa uso ndani ya koti lako, na mimi nikiwa na taulo.

Mama Saluni kaja kumwamkia. Alikuwa mwema, mwema mno. Akasema anajua televisheni yetu ina hitilafu, basi kaihamisha yake kutoka chumbani hadi saluni, wateja wasikose mchezo. Mimi nilisikia neno hitilafu tu, nikafurahi kwamba ameamini. Kamwambia Kitinda apite kesho saa tisa asukwe bure, zawadi ya kwenda kazini. Nikamshukuru! Nikamwambia Mungu amzidishie!

Bibi kamwambia mjukuu wake kwamba baba huja saa kumi, siku za kazi. Kitinda akanivuta pembeni, akaniuliza tangu lini Bibi ameanza kupotewa. Nikasema tangu Jumatatu. Akasema atamsemesha daktari. Nikasema vizuri.

Kisha nikaona koti la kahawia. Kitinda alikuwa amelitundika kwenye msumari ule, nyuma ya mlango, mgongo kwetu. Niliingia jikoni kuchukua chumvi, nikarudi. Vifungo vilikuwa vinanitazama.

Hili si lako hata. Huyu mwanamke wa meno anataka nini kwangu?

Jumatatu, 10 Machi

Baba Kitinda, sikia haya.

Saa kumi kasoro dakika mbili nachambua maharage. Waya ukanigusa vidole. Ndipo akili ikaniambia: saluni. Televisheni. Kahamisha. Mtoto. Kiti.

Nimekimbia na kandambili moja. Mwalimu alikuwa uani, akadhani nyumba inaungua, akaja nyuma yangu na ndoo.

Saluni imejaa. Wanawake watano, vichwa nusu. Kitinda katika kiti cha kati, upande mmoja umesukwa, upande mwingine nywele zimesimama. Mama Saluni na kitana mdomoni. Wote wanatazama juu, pembeni. Mchezo umeanza.

Marehemu alikuwa anavaa koti tena, ametupa mgongo. Kiwiko kikainuka. Maua ya njano.

Marehemu akakohoa, viwili vifupi, kimoja kirefu. Nikamwona mtoto kwenye kioo. Macho hayapepesi. Nikafungua mdomo niseme ni bahati mbaya tu, mapazia yanafanana. Mwalimu akanishika bega.

Kitinda akasema, "Mama. Baba ameajiriwa."

Baba Kitinda, miaka thelathini uliomba kazi ya kudumu. Miaka thelathini, kibarua hiki, kitasa kile, njoo wiki ijayo! Mtoto akacheka. Akacheka tena. Akasema, na kila siku saa kumi hachelewi, baba! Halafu kicheko kikajikunja katikati, kikawa kitu kingine. Akalia. Alilia kwa sauti kubwa, kama watoto, pua na yote. Mama Saluni akapunguza sauti ya televisheni, akakibana kichwa cha mwanangu kifuani pake, kitana bado mdomoni. Mwalimu akaiweka ndoo chini akalia ndani yake. Wateja wawili waliendelea kutazama, mmoja akacheka mahali pa kucheka, akaomba samahani.

Nikaeleza yote. Msumari, vifungo, gunia, mwanamke wa mkasi. Na kadi ya meno. Kitinda akajipangusa, akauliza nilipewa nini.

"Mabeseni mawili."

"Mawili tu?"

"Na moja nimelirudisha."

Akasema ningemwambia naliogopa angelifuata siku ile ile. Alikuwa akilitaka tangu mazishi, alinyamaza akidhani mimi ndiye nisiyeweza kuachana nalo. Nikaapa mbele ya saluni nzima, mwisho wa hila, mwisho wa mipango. Mama Saluni akasema ameshuhudia na ataandika tarehe ukutani. Akaiandika kweli, kwa rangi ya kucha.

Mchezo ulikuwa unaisha. Kwa mara ya kwanza kamera ikaonyesha chini ya meza. Marehemu yuko peku. Miguu mitupu juu ya saruji. Mama Saluni akasema masikini, koti wamempa, viatu hawakumpa.

Kitinda akaniuliza, viatu vya baba navyo uliviuza? Nikasema kwa ukweli kabisa, hapana, vipo chini ya kitanda. Akasema basi hivyo ndivyo atakavyochukua. Havai, ataviweka tu mlangoni mwa chumba chake kipya, mtu akibisha hodi aone nyumba ina mwanamume. Kesho kutwa alfajiri anaondoka navyo. Nikasema chukua mwanangu, ni vyako.

Usiku huu tunalala kitanda kimoja, mimi, yeye na Bibi. Ameshaanza kukoroma kama wewe.

Jumanne, 11 Machi

Baba Kitinda, nitasema haraka, mtoto anaweza kuingia wakati wowote.

Asubuhi nilivitoa viatu chini ya kitanda nivipake rangi. Nikavitazama. Nikaikumbuka miguu yako. Kisigino kile kilichopasuka, ulikuwa huvumilii sakafu ya baridi hata ya kwenda kuzima taa. Na sakafu ile ya kwenye mchezo ni saruji tupu, hata mkeka hawana! Mimi ndiye niliyekuvisha kila siku kwa miaka thelathini. Koti nililitoa kwa woga. Viatu siwezi kukunyima kwa uchoyo.

Mzee Beseni alikuwa anapita.

Nilimwambia safari hii sibadili kwa chombo. Ampelekee yule mwanamke wa mkasi, mkononi, na amwambie ni vya yule wa saa kumi. Akasema atakwenda leo hii. Hata hivyo akaniachia jagi, na mfuniko wake.

Mwalimu angesema kimekwisha kurekodiwa, viatu haviwezi kufika mwezi wa kumi. Lakini wewe na kalenda hamkuwahi kupatana.

Kitinda ameuliza viatu. Nimemwambia viko kwa fundi viatu, vinatiwa soli mpya. Akasema vizuri, atavipitia mwenyewe jioni. Nikasema fundi amefunga, amefiwa na mama yake. Akasema masikini, tuende tukampe pole. Sasa wanavaa, yeye na Mama Saluni, na Mwalimu amechanga sukari. Fundi mwenyewe yuko pale kwenye kona anagonga misumari, na mama yake nimemwona sokoni asubuhi, anabishania bei ya nyanya.

Kwa hiyo, mume wangu, vikikufikia nipe habari upesi. Leo, saa kumi, nyoosha mguu hata kidole kimoja kionekane. Na kama una la kusema kuhusu huyu mama yake fundi, liseme hapo hapo, mimi nitalisikia. Fanya upesi nakupigia magoti na viwiko, wameshafika mlangoni, wananiita.